Kifurushi cha vinywaji kwenye meli ya kitalii: tupige hesabu kabla ya kulipa

Mleta mada: Msafiri wa Galveston

Wanajukwaa, salaam.

Tangu mwezi uliopita nimepigiwa simu na watu watatu, wote wakijiandaa kupanda meli ya kitalii kutoka bandari ya Galveston, Texas, na wote wakiwa na swali lilelile: walipie kifurushi cha vinywaji au waache? Mmoja wao alikuwa amekwisha kufungua ukurasa wa malipo kwenye simu na alitaka jibu la neno moja. Jibu la neno moja sina, kwa sababu linategemea ni nani mnalala naye chumba kimoja na meli yenu itakaa baharini siku ngapi. Hesabu yenyewe ninayo, na nimeona ni heri niiweke yote hapa ili kila mtu aipitie kwa namba zake mwenyewe.

Kwa asiyekifahamu, nauli ya meli nyingi hulipia malazi na chakula, ila pombe, soda, maji ya chupa na kahawa za mashine hulipiwa kando. Kifurushi ni malipo ya kila siku yanayokuwezesha kuagiza vinywaji hivyo bila kulipia kimoja kimoja. Huchagui siku unazozitaka. Ukinunua umenunua kwa safari nzima, pamoja na ile siku ya kwanza ambayo unapanda mchana na kutumia saa kadhaa kutafuta chumba na kusubiri mizigo.

Mwaka juzi mimi na mke wangu tulitimiza miaka 20 ya ndoa, tukaamua kusafiri siku saba pamoja na shemeji yangu na mkewe. Njia yetu ilikuwa ile inayozoeleka kwa sisi tunaoishi Houston: Cozumel na Costa Maya za Mexico, pamoja na Roatán nchini Honduras, na siku tatu nzima za kuwa baharini. Mke wangu hagusi pombe. Ameokoka tangu kabla sijamwoa. Mimi hunywa bia moja au mbili, na glasi ya mvinyo nikipata chakula kizuri. Shemeji anapenda bia na kokteli zaidi yangu, na mkewe hunywa kidogo sana.

Wakala aliyetukatia nafasi alinihakikishia kwamba ningeweza kujinunulia kifurushi peke yangu, nami nikapanga bajeti kwa maneno yake. Haikuwa kweli. Nilipokwenda kulipa, mfumo ulidai malipo ya watu wawili, na nilipopiga simu nikaelezwa kwamba watu wazima wote wa chumba kimoja lazima wanunue. Niliumia, kwa kuwa ilikuwa imebaki wiki moja na fedha nyingine zilikuwa zimekwisha kulipia matembezi ya bandarini. Sharti hili si la kampuni moja. Royal Caribbean na Carnival wote wanalo kwa kila mwenye miaka 21 na kuendelea aliyemo chumbani, na sababu yake inaeleweka: wanazuia mtu mmoja kuagiza kwa ajili ya wawili. Kwa nyumba ambayo mmoja anakunywa na mwingine hanywi, na nyumba za namna hiyo katika jamii yetu ni nyingi mno, sharti hili peke yake linatosha kubadilisha hesabu yote.

Sasa namba. Bei ninazozitaja ni za safari yetu. Zenu zitatofautiana, maana kampuni nyingine, Royal Caribbean ikiwa mojawapo, hupandisha na kushusha bei ya kifurushi kulingana na meli na tarehe. Sisi tulitajiwa dola 75 kwa mtu kwa siku. Juu yake kuna tozo ya huduma ya asilimia 18, ambayo haionekani katika lile tangazo kubwa bali hujitokeza mwisho, kwenye jumla. Dola 75 zikawa 88.50. Zidisha kwa siku saba: dola 619.50 kwa mtu mmoja, na 1,239 kwa chumba chetu. Nauli ya mmoja wetu katika chumba kisicho na dirisha ilikuwa ndogo kuliko hapo.

Tozo hiyo hiyo hukatwa pia unapolipia kinywaji kimoja kimoja, kwa hiyo tulinganishe kwa haki. Kokteli ya dola 14 huishia 16.52, glasi ya mvinyo ya dola 13 huishia 15.34; bia ya dola 8.50 huishia 10.03, kahawa ya late ya dola 5 huishia 5.90, soda ya dola 4 huishia 4.72; chupa ya maji ya dola 3.50 huishia 4.13. Mtu akiamka akanywa late moja, mchana soda mbili, chupa ya maji na bia mbili, jioni glasi ya mvinyo na kokteli mbili, jumla yake ni dola 87.91. Amekwisha kunywa vinywaji tisa, vitano vyake vikiwa vya kilevi, na bado hajafikia 88.50. Tena ni lazima afanye hivyo kila siku kwa siku saba, kwa kuwa siku atakayopunguza italazimu nyingine ifidie.

Siku za bandarini ndizo zinazoharibu hesabu za wengi. Mkifika Cozumel, mnashuka asubuhi na kurudi jioni. Mchana wote mnakula na kunywa mjini kwa fedha nyingine, huku kifurushi kikiendelea kuhesabiwa kule melini. Katika safari yetu siku hizo zilikuwa tatu kati ya saba. Ukiongeza nusu ya siku ya kupanda, utaona kwamba siku tatu za baharini ndizo zinazobeba mzigo wa wiki nzima. Mtu anayevuka bahari ya Atlantiki kwa safari yenye siku sita au saba mfululizo bila bandari ana hesabu nyingine kabisa, na huyo sina neno la kumzuia.

Vilevile hesabuni vile vya bure. Maji ya kawaida, chai, kahawa ya kawaida, limonadi, na juisi wakati wa kifungua kinywa vilikuwamo katika nauli yetu, na ndivyo ilivyo kwa meli nyingi zinazoondoka Marekani. Mke wangu alibeba tangawizi ya unga kwenye kichupa kidogo. Kila siku saa kumi na mbili asubuhi alipanda kwenye bufee ya sitaha ya juu, akaweka vifuko viwili vya majani ya chai katika kikombe kimoja, akajaza maji ya moto nusu na maziwa nusu, akakoroga tangawizi yake, kisha akakaa upande unaotazama mawio ya jua. Hicho ndicho kinywaji alichokipenda kuliko vyote katika safari nzima, na hakikuongeza hata senti moja kwenye bili.

Tuliacha kifurushi, tukalipia kimoja kimoja. Risiti zote nilizihifadhi. Mimi kwa siku saba nilikunywa bia 11, glasi tatu za mvinyo, late nne na soda tano: dola 203.55. Mke wangu alikunywa late sita na kokteli zisizo na kilevi tano, za dola 9 kila moja kabla ya tozo: dola 88.50, sawasawa na bei ya siku moja tu ya kifurushi. Jumla ya chumba ilikuwa dola 292.05 badala ya 1,239. Hatukujinyima. Tulikunywa tulichokitaka wakati tulipokitaka.

Shemeji na mkewe walinunua. Yaliyomkuta yananigusa hadi leo, naye ameniruhusu niyaeleze. Siku ya kwanza ya baharini alifurahi sana; kila alipotoa kadi ya chumba, mhudumu aliipitisha kwenye mashine, karatasi ndogo ikatoka ikionyesha sifuri. Siku ya nne, tuliporudi kutoka Roatán tukiwa tumechoka na jua, aliketi akaandika kwenye simu vyote alivyokunywa, akagundua kwamba yuko nyuma kwa zaidi ya dola mia moja. Kuanzia hapo alibadilika. Usiku wa tano, saa tano na nusu, nilimkuta kwenye baa ya sitaha ya tano akiwa na kokteli ya rangi ya machungwa, barafu imeyeyuka na kufanya tabaka la maji juu, kijiti kikiwa kando hakijaguswa. Nikamwambia, «Shemeji, twende tukalale.» Akanijibu kwamba bado vitatu. Hakuwa na kiu wala furaha. Alikuwa anadai fedha zake. Asubuhi yake hakupata kifungua kinywa pamoja nasi, na ile ilikuwa siku ya baharini, siku ambayo alikuwa ameilipia kwa gharama kubwa kuliko zote.

Hili ndilo linalonifanya niandike kwa urefu. Mwongozo wa lishe wa Marekani wa 2020 hadi 2025 uliwashauri wanaume wanaokunywa wasizidi vinywaji viwili vya kilevi kwa siku, na wanawake kimoja. Bei ya kifurushi chetu ilihitaji kokteli sita au bia tisa kwa siku ili irudi. Ikiwa hicho si kiwango chako ukiwa nyumbani, usikubali bei ikupangie kiwango kipya. Mwenye shinikizo la damu au kisukari na atafakari jambo hili kabla hajaangalia dola.

Mwenye kuamua kununua azingatie machache. Royal Caribbean hulipia kinywaji hadi dola 14. Kikizidi hapo unaongeza tofauti. Carnival huweka kikomo cha vinywaji 15 vya kilevi ndani ya saa 24. Bei ya kabla ya safari kwa kawaida huwa nafuu kuliko ya melini, na kwa Royal Caribbean ukinunua mapema kisha bei ikashuka, unaweza kufuta na kununua upya kabla ya kusafiri. Kwa hiyo ingia kila wiki uangalie. Na asiyetaka kifurushi akumbuke kwamba kampuni hizo mbili humruhusu kila mtu mzima kupanda siku ya kwanza na chupa moja ya mvinyo ya mililita 750 katika mzigo wa mkononi.

Karibuni kwa michango, hasa waliopita njia nyingine.

---

Nanga Juu

Mleta mada, umeeleza vizuri. Nilifanya kazi katika baa za meli kwa mikataba minne kabla ya kurudi Mombasa, kwa hiyo niongeze yale niliyoyaona nikiwa upande wa pili wa kaunta.

Watu hudhani kwamba kifurushi kinamaanisha kunywa bila kungoja. Mteja mwenye kifurushi hupewa kinywaji kimoja kwa wakati mmoja, na katika siku ya baharini, kuanzia saa tano asubuhi hadi saa kumi, baa ya kwenye bwawa huwa na foleni ambayo hata wahudumu sita hawaimalizi. Jambo la pili ni kuazimana. Kadi ina picha ya mwenyewe kwenye mfumo, nasi tuliiona kila tulipoipitisha. Nimeshuhudia kifurushi cha mume kikifutwa bila kurudishiwa fedha kwa sababu alimchukulia mkewe glasi ya mvinyo. Tafadhali msijaribu, mhudumu anayefumba macho ndiye anayehatarisha kazi yake, na wengi wao wanasomesha watoto kwa kazi hiyo.

Binti Unguja

Assalaam alaykum. Mimi na mume wangu tunaishi Muscat na tunakusudia kupanda meli katika majira ya baridi, moja ya zile zinazozunguka Dubai, Abu Dhabi na Doha. Sisi ni Waislamu na kifurushi cha pombe hakituhusu kwa namna yoyote. Swali langu ni kuhusu kile kisicho na kilevi: je, kina faida, au nacho kina mtego uleule?

Msafiri wa Galveston

Waalaykumu salaam, dada yangu. Nimekipigia hesabu pia, kwa kuwa ndicho nilichotaka kumnunulia mke wangu. Kilikuwa dola 35 kwa siku, na kwa tozo kikafika 41.30. Late mbili, juisi freshi moja ya dola 6, kokteli moja isiyo na kilevi, soda moja na chupa moja ya maji vinafanya dola 38.35. Yaani vinywaji sita kwa siku na bado havijatosha. Kwa wanaopenda kahawa nzito mara tatu au nne kwa siku, kama nijuavyo kwa watu wa huko mliko, kinaweza kulipa. Kwa wanaotosheka na chai na maji hakilipi.

Ila kabla ya yote uliza swali moja: je, katika meli hiyo maji ya mezani wakati wa chakula ni ya bure au ni ya chupa inayolipiwa? Hilo hutofautiana kati ya kampuni na kampuni, na kwa familia inayokunywa maji kila mlo linaongezeka haraka. Kuhusu chumba, kama nyote wawili hamnywi hamtasumbuliwa na sharti nililolieleza. Kwa chumba ambacho mmoja anakunywa, nimesikia wengi wakisema kwamba walipopiga simu walikubaliwa mwenzao anunue kile kisicho na kilevi. Mimi sikupewa nafasi hiyo, lakini simu moja haina hasara.

Mvua ya London

Nawasalimu kutoka Uingereza. Ningependa kuongeza kwamba swali lenyewe linabadilika kulingana na kampuni. Mwaka jana tulisafiri na Marella, ambao vinywaji vya kawaida na pombe vimo ndani ya nauli, kwa hiyo hapakuwa na kifurushi cha msingi cha kujadili. Tulilinganisha nauli kwa nauli. Viking nao hutoa mvinyo na bia wakati wa chakula cha mchana na cha jioni bila malipo ya ziada. Disney hawauzi kifurushi cha pombe cha kulipia kwa siku, na soda zao za wakati wa chakula na za mashine za kujihudumia ni za bure. Mtu akiangalia nauli peke yake, meli inayoonekana ghali huenda ikawa nafuu baada ya kuongeza vinywaji vya wiki nzima. Mimi huandika jumla tatu kwenye karatasi: nauli, bakshishi, vinywaji. Kisha ndipo ninapolinganisha.

Halafu muwe waangalifu na neno «bure». Norwegian hutangaza nauli yenye vinywaji ndani yake, lakini tozo ya huduma ya asilimia 20 hukokotolewa kwa bei ya kawaida ya kifurushi hicho na msafiri huilipa.

Mzee wa Nyali

Naomba nitofautiane kidogo, kwa heshima. Mimi na mke wangu tumestaafu, na tulinunua kifurushi katika safari ya siku 14 tukijua wazi kwamba huenda kisirudi chote. Tulichonunua ni utulivu. Nimeishi maisha yangu yote nikihesabu. Kwa wiki mbili sikutaka kuona bei ya kitu chochote. Nilikunywa mvinyo mzuri nusu glasi, sikuupenda, nikaomba mwingine. Mke wangu alijaribu kahawa ambazo asingethubutu kuziagiza kwa kulipia. Nikiambiwa nilipoteza dola mia mbili, nitakubali, na sitajuta.

Msafiri wa Galveston

Mzee wangu, shikamoo. Hoja yako naikubali, na ningeiweka katika andiko langu kama ningeifikiria mapema. Wewe ulijua gharama ya utulivu huo kabla ya kuulipia, na ulikuwa tayari kuiacha nusu glasi mezani. Shemeji yangu hakuweza kuiacha. Anayeweza kulipa dola 1,239 kisha akalala saa tatu usiku bila kuwaza vilivyobaki, huyo anunue kwa amani.

Mama wa Katy

Ndimi niliyekupigia simu Jumamosi nikiwa na ukurasa wa malipo mbele yangu. Nimefanya ulivyoniambia kwenye simu. Kwa wiki nzima nimeandika kwenye daftari la jikoni kila kinachonywewa hapa nyumbani, tukiwa wawili na kijana wetu wa miaka 14. Baba yake alikunywa bia tatu kwa wiki nzima, mimi sikunywa kilevi, na kijana alikunywa soda nyingi kuliko nilivyodhani.

Safari yetu ni ya siku tano. Kifurushi cha watu wazima kilikuwa dola 68 kwa siku, na kwa tozo kikafika 80.24, yaani 802.40 kwa sisi wawili. Nimekifuta leo asubuhi. Kijana nimemchukulia kile cha soda peke yake, dola 13 kwa siku, 15.34 pamoja na tozo. Kikirudi kwa soda nne kwa siku, na kwa daftari langu nne anazifikisha kabla ya saa nane mchana, basi jambo ninalopaswa kulifikiria sasa ni kama kweli nataka zirudi. Chupa ya tangawizi nimekwisha kuiweka kwenye mkoba.